Mtoto wa Mlimani Naye Afundishwe Maji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nijibu hoja ya msomaji mwenzangu, aliyeandika kwamba kuwafundisha watoto wa Arusha na Moshi kuogelea ni kupoteza muda na fedha, kwa sababu bahari iko Tanga, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa, na kwa sababu michezo ya maji ni ya watu wa pwani na wa nchi za joto. Aliongeza kwamba hata huko ng'ambo watu wa nchi za baridi hucheza kwenye theluji, na mambo ya mawimbi wamewaachia watu wa visiwani. Nimeisoma barua yake kwa heshima. Hata hivyo, hilo la mwisho si kweli, na kwa kuwa ndilo nguzo aliyoegemeza hoja yake yote, nitaanza nalo.

Kanada ni nchi ambayo sehemu yake kubwa hufunikwa na theluji kwa miezi kadhaa kila mwaka, nayo ina pwani ndefu kuliko nchi nyingine yoyote duniani, inayogusa bahari tatu. Watu wake huteleza juu ya mawimbi kwa ubao baharini, ziwani, na hata katika mito inayopita katikati ya miji. Sikatai kwamba mchezo huu ulikulia penye joto: Wahawaii walikuwa mabingwa wake tangu enzi za wafalme wao, na wageni wa Ulaya waliofika pwani ya Ghana ya leo katika karne ya 17 waliandika kwamba waliona watoto wakijifunza kuogelea kwa kutumia vibao. Lakini wimbi hutengenezwa na upepo, au na mkondo unaopita kwa kasi juu ya mwamba, na vyote viwili viko penye theluji kama vilivyo penye minazi.

Uko mji mdogo wa Tofino, katika kisiwa cha Vancouver, upande wa Bahari ya Pasifiki. Zamani watu wake waliishi kwa uvuvi na ukataji wa magogo. Leo watu husafiri kutoka mbali kuyafuata mawimbi yake. Kati ya Oktoba na Machi tufani za Ghuba ya Alaska husukuma mawimbi makubwa hadi kwenye fukwe zake, wakati maji yana nyuzi joto 8 hivi, ambayo ni baridi ya maji yaliyotolewa kwenye friji. Katika mji huo alikulia binti anayeitwa Sanoa Dempfle-Olin, ambaye alikuwa Mkanada wa kwanza kushindana katika mchezo wa mawimbi kwenye Olimpiki, ile ya Paris ya mwaka 2024, ambayo mashindano yake ya mawimbi yalifanyika Teahupo'o, katika kisiwa cha Tahiti. Mtoto aliyejifunzia kwenye maji ya baridi alisimama mbele ya wimbi la nchi ya joto, mojawapo ya mawimbi yanayoogopwa kuliko yote duniani. Upande wa pili wa nchi hiyo, katika ufukwe wa Lawrencetown jimboni Nova Scotia, Bahari ya Atlantiki hukaribia nyuzi sifuri mwishoni mwa majira ya baridi, na bado watu huingia.

Kinachowawezesha ni vazi la mpira wa neoprini, lililobuniwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1950, ambalo kwa maji ya namna hiyo huwa na unene wa milimita 5 au 6, pamoja na kofia yake, glavu na viatu. Mpira huo umejaa vipovu vidogo vya gesi vinavyozuia joto la mwili lisitoroke, na maji machache yanayopenya ndani hupashwa moto na mwili wenyewe. Vazi, hata hivyo, ni sehemu ndogo ya jambo lenyewe, na ndiyo maana nataka kukaa zaidi kwenye maziwa, ambako nimeona kwa macho yangu.

Nilipokuwa mwalimu wa Jiografia, kila mwaka niliwaambia wanafunzi wangu kwamba Ziwa Viktoria, lenye kilomita za mraba zinazokaribia 69,000, ni la pili duniani kwa eneo miongoni mwa maziwa ya maji yasiyo na chumvi, na kwamba la kwanza ni Ziwa Superior, lenye kilomita za mraba 82,000 hivi, lililo mpakani mwa Kanada na Marekani. Niliishi karibu na Superior nikiwa masomoni katika jimbo la Ontario. Wimbi la bahari laweza kuzaliwa na tufani iliyo maelfu ya kilomita kutoka ufukweni, likasafiri siku kadhaa na kufika likiwa limetulia na kujipanga, likifuatwa na jingine baada ya sekunde kumi au kumi na tano. Wimbi la ziwani huzaliwa na upepo uleule unaompiga mtu usoni. Linategemea mambo matatu: nguvu ya upepo, muda ambao upepo huo umevuma, na umbali ambao umevuma juu ya maji bila kizuizi. Kwa hiyo mawimbi ya ziwani hufuatana haraka, kila baada ya sekunde chache, hayana mpangilio, na hutoweka mara upepo unapokata. Tena maji yasiyo na chumvi ni mepesi kuliko ya bahari, tofauti ya asilimia mbili na nusu hivi, ambayo inatosha kuufanya ubao uzame kidogo zaidi, hata wateleza wengi wa maziwani huchagua ubao mnene.

Majira yao makuu ni vuli na mwanzo wa baridi, kabla barafu haijafunga kingo za ziwa, kwa kuwa wakati huo maji bado yamehifadhi joto la kiangazi na hewa ya juu imekwisha kupoa, na tofauti hiyo huzipa dhoruba nguvu. Mabaharia wa huko huuogopa sana mwezi wa Novemba. Tarehe 10 Novemba 1975 meli ya mizigo iitwayo Edmund Fitzgerald, yenye urefu wa mita 222, ilizama katika Ziwa Superior wakati wa dhoruba pamoja na watu wote 29 waliokuwamo. Nalitaja jambo hili kwa sababu wateleza mawimbi wa ziwa hilo wanalijua. Wanaingia kwenye maji ambayo wanafahamu vizuri yanaweza kufanya nini.

Niliwaona asubuhi moja ya Novemba, theluji ikiwa imetanda hadi kwenye mawe ya ufukweni. Mmoja alikuwa akijipaka mafuta ya mgando usoni, safu nene, ili upepo usimchune ngozi. Mwingine alifungua chupa ya chai, nikadhani anataka kunywa, kumbe alikuwa amebeba maji ya moto kiasi, akayamimina ndani ya viatu na glavu zake kabla ya kuvivaa. Alipotoka majini baadaye, nyusi zake zilikuwa zimeganda barafu, na vidole havikuweza kuzungusha ufunguo wa gari, akamwomba mwenzake amfungulie mlango.

Lakini lililonishangaza zaidi lilitokea kabla hawajaingia. Walisimama kwa muda mrefu wakiyatazama maji bila haraka yoyote. Walikuwa wakihesabu mawimbi, wakionyeshana mahali maji yaliporudi kuelekea ndani baada ya kuvunjika, wakikubaliana nani aingie na nani abaki nchi kavu akiwaangalia, na wapi watatokea endapo upepo utageuka. Yule aliyebaki alikuwa na kamba mkononi. Hakuna aliyeingia peke yake. Mwenyeji wangu, ambaye hakuwa mteleza mawimbi, alinieleza mambo hayohayo kana kwamba ni elimu ya kila mtu, na baadaye nikaelewa kwamba kwa watu wa kando ya ziwa hilo ndivyo ilivyo. Hili ndilo ninalotaka msomaji mwenzangu alione. Elimu ya maji haikuwajia kwa sababu wana bahari ya uvuguvugu. Waliitafuta kwa sababu maji yao yanaua.

Nije kwenye mito, ambayo inatuhusu zaidi sisi wa mlimani. Katika jiji la Montreal, nyuma ya nyumba maarufu zinazoitwa Habitat 67, zilizojengwa kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya mwaka 1967, Mto Saint Lawrence hupita kwa kasi juu ya miamba iliyo chini na kuinua wimbi ambalo halisafiri. Wimbi limesimama mahali pamoja, maji ndiyo yanayopita. Mteleza mawimbi huelekeza uso kule maji yanakotoka, akasimama juu ya ubao wake, na mto ukapita chini ya miguu yake yeye akiwa hasogei kwenda popote. Anayetajwa kuwa wa kwanza kuteleza pale kwa ubao, mwaka 2002, ni Corran Addison, mwendesha kayaki aliyeiwakilisha Afrika Kusini katika Olimpiki ya mwaka 1992. Nami nalisema hilo kwa furaha, kwa kuwa ni mtu aliyetoka katika bara letu.

Katika jimbo la Alberta, chini ya safu ya milima ya Rocky, liko wimbi lingine la mtoni, kwenye Mto Kananaskis. Huko maji huja pale bwawa la umeme lililo juu yake linapofungulia, na ratiba ya kufungulia hutangazwa mapema ili watu wajue saa ya kuingia na saa ya kukaa mbali. Mtu wa mtoni hujifunza pia jambo ambalo wa baharini hahitaji kulifikiria sana: ile kamba inayofunga ubao mguuni, ambayo baharini humwokoa kwa kumrudishia ubao wake, mtoni inaweza kunasa kwenye jiwe au kwenye gogo, na mkondo ukamkandamiza chini asiweze kuifikia. Kwa hiyo wengi huifunga kiunoni, kwenye mkanda unaofunguka kwa kuvutwa mara moja. Maji yanayotembea hayachoki. Kasi yake ikiongezeka mara mbili, nguvu inayomsukuma mtu huongezeka mara nne, na mita moja tu ya ujazo ya maji ina uzito wa tani nzima.

Nani katika mikoa yetu miwili atasema hesabu hiyo haimhusu? Aprili 2024 maji ya mvua yalisomba gari la wanafunzi jijini Arusha, na watoto wakapoteza maisha. Sisemi kuogelea kungewaokoa watoto wale, maana ndani ya gari lililozama kwenye mkondo hata muogeleaji hodari ana nafasi ndogo. Nasema kwamba jamii inayofahamu nguvu ya maji yanayokwenda haivuki korongo lililojaa, haimruhusu dereva avuke, na mtoto aliyefundishwa hivyo darasani hupata ujasiri wa kupiga kelele akiwa ndani ya gari.

Na maji yaliyotulia tunayo. Tuna Ziwa Duluti pale Tengeru. Tuna Ziwa Chala kule Rombo, ambalo ni shimo la volkano lenye kuta za mwamba, na kina chake huanza hapohapo ukingoni, hivyo anayeteleza hana pa kusimama. Tuna bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960, ambako wavuvi hutoka na mitumbwi alfajiri, na mawimbi yake ni ya upepo, kama yale ya Superior, yanayoinuka ghafla na kufuatana haraka. Tuna chemchemi za Chemka, ambako kila Jumamosi na Jumapili vijana kutoka Moshi na Arusha hujirusha majini kwa kamba, na baadhi yao wanarushwa na wenzao bila kujua hata kuelea. Tuna mifereji ya mashambani na mito inayotoka msituni Kilimanjaro na Meru, ambayo asubuhi ni kijito cha kufulia nguo na jioni, mvua ikinyesha juu, huteremka na magogo. Bahari iko mbali, ni kweli, lakini maji hayako mbali.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021 duniani kote, na walio wengi kabisa walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wengi wa hao hawakuwa wakicheza michezo. Walikuwa wakichota maji, wakivuka, wakivua, au walikuwa watoto wadogo walioachwa peke yao kwa dakika chache.

Wahenga wetu walisema mfa maji haachi kutapatapa, na kwa kweli huko kutapatapa ndiko kunakomaliza. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, aliyetumia miaka mingi kuchunguza mwili wa binadamu katika baridi, amewafundisha Wakanada kanuni fupi kuhusu mtu aliyetumbukia kwenye maji ya baridi kali: ana dakika moja ya kutuliza pumzi zake, kwa kuwa mshtuko wa baridi humfanya ahemee ovyo na kuvuta maji; ana dakika kumi ambazo mikono na miguu bado vinamtii; na ana saa moja hivi kabla ya baridi kumpotezea fahamu. Maji yetu si ya baridi kiasi hicho, ila ile dakika ya kwanza ni yetu pia, maana hofu humfanya mtu ahemee ovyo hata kwenye maji ya vuguvugu. Aliyefundishwa kuituliza dakika hiyo amepata nusu ya wokovu wake.

Jambo la pili la Wakanada linatufaa moja kwa moja. Chama chao cha uokoaji majini kimeweka kipimo cha chini kabisa ambacho mtoto anapaswa kukifikia ili aweze kunusurika akitumbukia kwa bahati mbaya, na katika jimbo la Ontario watoto wa darasa la tatu wamekuwa wakifundishwa kupitia shule zao. Mtoto ajibiringishe na kuingia kwenye maji ya kina, maana anayeanguka huanguka hivyo bila kujiandaa. Kisha akae akielea wima kwa dakika moja, apate pumzi na kutazama upande wa kutokea. Kisha aogelee mita 50 kwa mtindo wowote anaouweza. Basi. Hakuna medali, na hakuna anayemuuliza mtoto kama siku moja atateleza mawimbini. Baadhi yao hufika huko kwa hiari yao, na ninaamini ni vigumu kwa taifa kuwa na wateleza mawimbi wa mitoni na maziwani bila kwanza kuwa na watoto wengi waliopita hatua hiyo.

Kwa hiyo ninapendekeza halmashauri za mikoa ya Arusha na Kilimanjaro ziweke kipimo hichohicho kwa kila mtoto wa darasa la nne. Najua jibu litakalokuja, kwamba shule zetu hazina mabwawa ya kuogelea. Hazina, na hazitayapata karibuni. Lakini miji hii miwili ni miji ya watalii. Hoteli nyingi zina mabwawa ambayo asubuhi za siku za kazi hayana mtu, wageni wakiwa wamekwenda mbugani au mlimani, na zipo pia shule binafsi zenye mabwawa yanayotumika saa chache tu kwa wiki. Makubaliano ya maandishi kati ya halmashauri na wenye mabwawa, yenye malipo ya haki, yenye mwokoaji aliyefunzwa na idadi ya watoto isiyozidi uwezo wa mwalimu, yanawezekana bila kujenga chochote. Wazazi wenye wasiwasi juu ya mabinti zao wasikilizwe: wapangiwe zamu zao, walimu wa kike, na mavazi yanayowasitiri. Walimu wa michezo wapewe mafunzo wakati wa likizo, wakianza na wale ambao tayari wanajua kuogelea, kwani wapo, na wengi wao walikulia Mwanza, Tanga, Kigoma na Unguja.

Nyumba ya Mungu ningeomba jambo la pekee. Wasimamizi wa bwawa wawatangazie wanaoishi na kuoga upande wa chini, kwa mbao zilizoandikwa Kiswahili kikubwa na kwa ujumbe wa simu kupitia wenyeviti wa vijiji, siku na saa ya kuongeza maji yanayofunguliwa, kama wanavyotangaziwa watu wa Kananaskis. Na pale Chala, Duluti na Chemka pawekwe boya lenye kamba ndefu, limetundikwa mahali linapoonekana, ili aliyeko nchi kavu awe na cha kumrushia mwenzake badala ya kujitosa na kuwa wa pili.

Nakuomba pia, Ndugu Mhariri, gazeti lako lisaidie kwa njia iliyo ndani ya uwezo wake. Mwaka 2021 Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya dunia ya kuzuia vifo vya kufa maji. Chapisheni siku hiyo, ukurasa wa mbele au wa michezo, zile hatua tatu za kipimo cha mtoto pamoja na picha zake, mwalimu wa Rombo au wa Arumeru aweze kukata karatasi hiyo na kuibandika darasani. Mimi niko tayari kuzitembelea shule za Manispaa ya Moshi nikishirikiana na walimu wa michezo, bila malipo, na anwani yangu mnayo ofisini.

Mwalimu mstaafu wa Jiografia,
Pasua, Moshi